Tupimeni kwa Kazi, Si kwa Programu

Kwa wakuu wa ununuzi katika wizara, kaunti na ofisi zote za umma; kwa wakuu wa vyuo vya ufundi; na kwa wanaoandaa masomo ya sanaa shuleni.

KUH: SHARTI LA FAILI ZA KAMPUNI MOJA KATIKA ZABUNI NA MAFUNZO YA UBUNIFU

Waheshimiwa,

Mimi ni mbunifu wa picha. Nina chumba kimoja ghorofa ya tatu, River Road, chenye kompyuta tatu, plota ya kukata stika na vijana wawili ninaofanya nao kazi. Kadi za harusi, vijitabu vya mazishi, nembo za makanisa, stika za matatu, kalenda za shule: hizo ndizo zinazotulisha.

Mwaka jana ofisi moja ya umma hapa mjini ilitangaza zabuni ndogo ya brosha na mabango, katika lile fungu la asilimia 30 lililotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Nilijiandaa kama mtu anayeenda kuposa. Cheti cha kodi, cheti cha usajili wa biashara, sampuli zilizochapwa kwenye karatasi nzito, na flashi yenye PDF ya kuchapia pamoja na michoro yote katika SVG, muundo ulio wazi wa kuhifadhia michoro. Saa tatu kasorobo nilikuwa mlangoni. Karani, kijana mpole kabisa, alichomeka flashi, akasoma majina ya faili, kisha akafungua ukurasa wa nne wa hati za zabuni na kunionyesha mstari kwa kidole. Mstari ulisema mzabuni awasilishe faili za Illustrator na Photoshop, programu za kuchora na kuhariri picha za kampuni ya Adobe, toleo la karibuni.

Nilimwomba afungue kilichomo. Akabofya mara mbili na bango likatokea mbele yetu, zima, rangi zote mahali pake. Alilitazama kwa muda. Akasema, "Madam, kazi ni nzuri. Lakini hapa wameandika Illustrator." Akatia alama ya X kwenye kisanduku, akanirudishia flashi yangu.

Bei yangu haikusomwa. Mchoro wangu haukupimwa na mwingine. Niliondolewa katika hatua ya masharti ya lazima kwa sababu kompyuta zangu zinaendeshwa na Linux, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, na programu hizo mbili hazitengenezwi kwa ajili ya Linux. Nawaandikia kwa sababu sharti lile liliandikwa na mtu, na aliyeliandika anaweza kuliandika upya.

Wengi wakisikia mbunifu ameacha Windows hudhani ni ukaidi, au ni mtaalamu anayejionyesha. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Mashine zangu ni za ex-UK, kama tunavyoziita, nilizozinunua Luthuli na Moi Avenue: zimefanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo, kisha zikaletwa hapa kuanza maisha ya pili. Ni imara, zinawaka haraka, na kioo chake hakina dosari. Prosesa zake ni Intel ya kizazi cha sita na cha saba. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Waliojiandikisha kupata masasisho ya Windows 10 waliongezewa mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026. Kwa hiyo mashine tatu zilizo hai mezani kwangu zilikuwa na tarehe ya kufa iliyoandikwa mahali pengine, na sikuwa na pesa za kununua nyingine tatu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa kazi yetu hawalitamki hadharani, nami nitalitamka. Kwa miaka mingi nilitumia Photoshop na Illustrator za wizi. River Road kila mtu anajua zinakopatikana: unampelekea kijana kompyuta asubuhi, unampa mia chache, jioni unaichukua ikiwa na kila kitu. Tangu mwaka wa 2013 Adobe iliacha kutoa matoleo mapya ya programu hizo mbili ya kununua mara moja na kumiliki, ikageukia malipo ya kila mwezi au kila mwaka. Hesabu ya malipo hayo inaanzia kwenye dola. Mimi nalipwa kwa M-Pesa, mia tano leo, elfu mbili keshokutwa, na Januari hakuna kabisa, wazazi wote wako kwenye karo. Sikuweza kulipa, nikaiba, na kila nilipomwonya mtu asiuchukue mchoro wangu bila idhini nilijisikia vibaya, kwa maana nilijua ninachotumia kuuchora.

Kisha nakala moja ya wizi ikaja na kirusi. Nilifungua kompyuta Jumatatu asubuhi nikakuta kila faili imebadilika jina, na kwenye skrini pana ujumbe wa kunidai fidia. Kalenda za shule mbili, nembo za wateja tangu 2019, vyote vimefungwa. Siku nne nilikaa nikichora upya nembo hizo kwa kutazama picha ndogo nilizokuwa nimewatumia wateja kwa WhatsApp, nikizikuza hadi zinakuwa vigae, nikikisia kona ilipinda wapi. Siku ya tano niliwaambia vijana wangu kwamba chumba hiki hakitaingia tena kitu cha wizi. Tukaweka Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, kwenye mashine zote tatu.

Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: kuhama kuliuma. Vidole vyangu vilikuwa na mazoea ya miaka kumi, na wiki ya kwanza kila nilichobonyeza kilifanya jambo nisilolitaka. GIMP, ambayo wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley waliianza mwaka wa 1995, inabeba kazi nyingi ya picha, na toleo la 3.0 la Machi 2025 lilituletea jambo tulilolingoja kwa hamu: madoido unayoweza kurudi kuyarekebisha bila kuiharibu picha iliyo chini. Lakini bado huwezi kuhariri picha humo moja kwa moja katika CMYK, zile rangi nne za wino. Inkscape, ya kuchorea nembo na michoro, naipenda kwa dhati, na leo mkono wangu unaijua kuliko Illustrator. Hata hivyo, PDF niliyokuwa nikiitoa humo ilikuwa ya RGB, rangi za skrini, na jambo hilo lilinigharimu.

Kazi yetu ya kwanza ya uchapishaji baada ya kuhama ilikuwa kijitabu cha mazishi. Fundi wa mashine ya ofseti ni mzee ambaye amechapa tangu mimi sijazaliwa. Alinipigia simu, "Njoo uone hii kitu." Nilimkuta ameshika karatasi ya majaribio chini ya taa, na ile lenzi yake ndogo ya kukuzia. Akaniachia lenzi nitazame. Kila herufi nyeusi ilikuwa na kivuli, chekundu upande huu, cha buluu upande ule. Weusi wa skrini ulipogeuzwa kuwa wino ulikuwa umegawanywa katika rangi zote nne, na pleti nne hazilaliani sawasawa hata siku moja, karatasi husogea kwa unene wa unywele. Kwenye kichwa kikubwa hutaona. Kwenye maandishi madogo herufi zinaota manyoya. Jina la marehemu lilionekana kama linavyoonekana mtu akilitazama na machozi.

Pleti hizo nilizilipia mimi. Usiku huo nilijifunza Scribus, programu ya kupanga kurasa, nayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye Linux. Nikaingiza michoro humo, maandishi yote nikayapa wino mweusi peke yake, asilimia 100 ya nyeusi na sifuri kwa rangi tatu zilizobaki, nikatoa faili ya PDF/X, muundo uliobuniwa mahsusi kwa wachapaji. Asubuhi mzee akachapa, akaweka lenzi, akatazama mstari mmoja, akatazama wa pili. "Sasa," akasema, akaiwasha mashine.

Nimekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu mzee yule, tangu tujuane, hajaniuliza hata mara moja ninatumia programu gani. Huuliza kama weusi ni wa wino mmoja. Huuliza kama picha zina pikseli 300 kwa inchi, kama fonti zimefungwa ndani ya faili, kama nimeacha milimita 3 za ziada pembeni ili kisu kisiache mstari mweupe. Basi. Yeye ndiye anayepata hasara kazi ikiharibika, wala si karani wa ofisi, na maswali hayo manne yanamtosha.

Yapo ambayo Linux bado haitupi, na itakuwa uongo nikiyaficha. Kijana wangu mmoja huhariri video za wachekeshaji wa hapa hapa River Road. DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, ipo kwa Linux, lakini toleo lake la bure la Linux halifungui video za muundo wa H.264, ambazo ndizo simu na kamera nyingi hurekodi. Inabidi azigeuze kwanza, na zikigeuzwa zinavimba hadi diski inajaa kabla ya saa sita mchana. Kdenlive, nyingine ya video, inazifungua bila shida, na kwa kazi zetu nyingi inatosha. Kwa maandishi na nembo zinazotembea, zile wanazozifanya kwa After Effects ya Adobe, sijaona kitu cha Linux kinachoishika kikamilifu. Affinity, programu ya ubunifu ambayo kampuni ya Canva iliifanya kuwa ya bure Oktoba 2025, ni ya Windows na Mac. Kuna Wine, ya kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux. Kwa matoleo ya zamani inasaidia, kwa mapya inakataa siku ambayo mteja amesimama nyuma yako. Plota yetu ilitusumbua siku mbili kwa ajili ya kebo, sasa Inkscape inaituma kazi moja kwa moja. Mtu ambaye mlo wa watoto wake unategemea After Effects, simwambii ahame.

Lakini mapengo haya yasiwafanye mdhani kwamba Linux ni ya kuchezea na sanaa ya kweli iko kwingine. Studio kubwa za filamu duniani zimetumia Linux kwa miaka mingi kutengeneza madoido ya filamu. Maya, Houdini na Nuke, zana zao za kila siku, zina matoleo ya Linux. Blender, programu ya katuni na picha za pande tatu, ilikombolewa mwaka wa 2002 kwa michango ya watu, euro 100,000 zilizopatikana kwa wiki saba, na tangu hapo ni mali ya kila mtu. Filamu ya katuni ya Flow, ya mwongozaji Gints Zilbalodis wa Latvia, ilitengenezwa kwa Blender na ikashinda Oscar mwaka wa 2025. Blender hiyo hiyo iko kwenye kompyuta yangu ya ex-UK.

Kampuni zinazokosekana Linux zimeamua hivyo kwa hesabu za biashara. Miaka ya 1990 Photoshop iliwahi kutolewa kwa mashine za Silicon Graphics na Sun, zilizoendeshwa na Unix, mfumo wa ukoo mmoja na Linux. Mwaka wa 2000 kampuni ya Corel ilitoa CorelDRAW, programu yake ya kuchora, kwa ajili ya Linux, baadaye ikaiacha. Kampuni huhesabu wanunuzi, na siwalaumu kwa kuhesabu. Ofisi ya umma ina hesabu nyingine, nayo imeandikwa.

Kifungu cha 227 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka taasisi ya umma inunue kwa njia ya haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015, kifungu cha 60, inasema waziwazi zaidi: mahitaji ya kiufundi yasitaje alama ya biashara, jina wala mtengenezaji fulani, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine ya kulieleza hitaji hilo kwa usahihi, na hata hapo lazima vikubaliwe vitu vinavyolingana na kilichotajwa. Sheria hii mnaijua kuliko mimi. Mkitangaza zabuni ya magari ya kukodi au ya viti, mnaelezea kiti, mnataja urefu na uzito. Mkifika kwenye ubunifu mnaandika jina la bidhaa, na nadhani ninajua sababu. Anayeandika masharti hayo amemuuliza mbunifu mmoja anayemfahamu, na mbunifu huyo akataja anachotumia yeye. Sidhani kuna njama. Ni mazoea, na mazoea haya yanafunga mlango ambao lile fungu la asilimia 30 liliufungua.

Je, kuna njia nyingine ya kuieleza faili ya brosha kwa usahihi? Ipo. PDF ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2008. PDF/X ina kiwango chake cha ISO kwa wachapaji. SVG ilipitishwa mwaka wa 2001 na W3C, shirika lile lile linaloweka viwango vya wavuti. Mahali pa mstari ule wa ukurasa wa nne mngeweza kuandika hivi: "Mzabuni awasilishe PDF/X ya kuchapia, rangi za CMYK, fonti zikiwa ndani, picha za pikseli 300 kwa inchi na milimita 3 za kukatia, pamoja na faili ya kazi inayoweza kurekebishwa, katika SVG au muundo mwingine ulio wazi." Anayetumia Illustrator anaweza kuitimiza. Anayetumia Inkscape na Scribus anaweza. Anayetumia Affinity, CorelDRAW, au kitu kitakachotokea mwaka ujao, anaweza pia. Na nyinyi mnapata kitu cha kupima, maana jina la programu halijawahi kumwambia mtu kama herufi zitaota manyoya.

Mtanijibu kwamba mnataka kuirekebisha brosha mwaka ujao bila kunirudia. Ni haki yenu, mmeilipia. Nawauliza tu: ndani ya ofisi yenu ni nani aliye na leseni ya kuifungua faili ya Illustrator? Mara mbili nimeletewa flashi na maafisa wa ofisi tofauti, waliokabidhiwa faili hizo na mbunifu wao, wakakuta hakuna kompyuta jengo zima inayozifungua. Walikuja River Road kwangu, mimi wa Linux. Faili ya Illustrator mara nyingi hubeba nakala ya PDF ndani yake, kwa hiyo Inkscape iliweza kuzifungua. Sentensi zilikuwa zimekatika vipande na fonti zimebadilika, tukakaa mchana mzima tukiunganisha. Yule mama wa ofisi aliyekuja mara ya pili alikuwa anahitaji kubadilisha tarehe moja tu kwenye bango. Tarehe moja.

SVG kwa ndani ni maandishi matupu. Ukiifungua kwa programu yoyote ya kuandikia unaona mistari na namba, na ukijua kidogo unaweza kuibadilisha hiyo tarehe bila programu ya kuchora kabisa. Nembo ya kaunti ikihifadhiwa hivyo, anayekuja kufanya kazi humo mwaka wa 2046 ataifungua. Ikihifadhiwa katika muundo unaohitaji malipo ya kila mwezi kwa kampuni moja, siku malipo yakikatika nembo ya wananchi imefungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mwingine.

Sasa niwageukie wakuu wa vyuo. Kila mwaka napokea wanafunzi wa mafunzo ya kazini. Mwaka jana alikuja binti wa miaka kumi na tisa kutoka chuo kimoja cha umma. Nilimkalisha mbele ya Inkscape. Aliweka mikono mapajani, hakugusa kipanya. "Madam, hii sijafunzwa." Nikamuuliza amefunzwa nini. Akanitajia menyu za Photoshop na Illustrator kwa mpangilio wake, kama mtu anayekariri shairi, na alizijua vizuri mno. Nikamuuliza kwa nini bango la barabarani halihitaji pikseli nyingi kwa inchi kama kadi ya harusi. Hakujua. Nikamuuliza tofauti ya RGB na CMYK, akasema waliambiwa wachague CMYK pale mwanzo, hawakuambiwa kwa nini. Si mzembe binti yule. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anapinda mikunjo ya herufi kwa Inkscape vizuri kuliko mimi. Alikuwa amefunzwa mahali vitufe vilipo, na vitufe vikihama anabaki mikono mitupu.

Siku moja tukila chakula cha mchana aliniambia jambo ambalo bado linanikaa kooni. Programu za maabara ya chuo chao zilikuwa za wizi. Mwalimu mwenyewe, mtu waliyempenda, alikuwa anakuja jioni kabla ya kipindi kuzivunja kufuli upya zikigoma. Simlaumu mwalimu peke yake. Alipewa silabasi yenye jina la bidhaa na hakupewa pesa za bidhaa. Angefanyaje? Lakini tazameni tunachomfunza kijana: kwamba kazi yake inaanza kwa wizi, na kwamba chuo cha umma kinaujua wizi huo na kitampa cheti juu yake. Akitoka hapo anaenda moja kwa moja kwa yule kijana wa River Road na mia zake chache, kama nilivyoenda mimi.

Naomba silabasi zitaje ujuzi. Mwanafunzi achore mkunjo ulio safi, apange maandishi yasomeke, atenganishe rangi za wino na rangi za skrini, atoe faili ambayo mchapaji hatairudisha. Mtihani umruhusu kufanya hayo kwa programu yoyote, na maabara iwe na angalau njia moja ya halali ambayo mwanafunzi anaweza kwenda nayo nyumbani kwa flashi bila kumuibia mtu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ukaanza. Shule nyingi zitafundisha kwa kompyuta kuukuu kuliko zangu. Jimbo la Kerala huko India lilichagua Linux kwa shule zake za umma tangu miaka ya 2000, na watoto wa huko hujifunza kuchora kwa GIMP na Inkscape wakiwa bado shuleni.

Siwaombi mhamishe ofisi zenu. Jiji la Munich, Ujerumani, lilihamisha maelfu ya kompyuta zake kwenda Linux, na mwaka wa 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Kuhama ni kazi ya anayehama, kila mtu na mahitaji yake, na mimi nimewaambia mapengo yake. Anayependa Photoshop na ana uwezo wa kuilipia, ni zana nzuri, aendelee nayo. Ombi langu ni kwamba zana yake isiwe sharti kwangu.

Kuna jambo moja zaidi mnaloliweza ambalo sisi hatuliwezi. Mnaponunua au kuhuisha leseni kwa wingi, mwandikieni muuzaji na mumuulize toleo la Linux litapatikana lini. Barua ya mwenye chumba kimoja River Road haisomwi na mtu. Barua ya wizara inasomwa.

Zabuni ya mwaka jana imekwisha, brosha zimeshachapwa, na aliyezipata simwonei kijicho. Lakini kila mwaka kabla ya Desemba huja msimu wa kalenda na shajara za ofisi, na hati zake huandikwa mapema. Wakati wa kulibadilisha sharti ni kabla hati hazijatoka. Mkitaka kujionea kwanza, nitabeba kompyuta moja, karatasi za majaribio na lenzi ya kuazima kwa mzee mpaka ofisini kwenu, tufungue faili zangu pamoja na za mbunifu wenu mkae mkizilinganisha. Naweza kuja siku yoyote isipokuwa Alhamisi na Ijumaa. Hizo ni siku za vijitabu vya mazishi, na familia huwa zinasubiri mlangoni.

Wenu,
Mbunifu wa picha, River Road, Nairobi